Wimbo wa Fien na Sharti Lake Moja

Fien Hoeberechts alikuwa akioka vlaai, yaani pai za matunda, za cheri katika duka lake mjini Sittard, na akichoka kuoka hupiga akodiani. Majira fulani ya baridi alitunga wimbo mchangamfu hata paka wake akahamia uani. Jeske, binti wa kaka yake, akaurekodi ili auweke mtandaoni.

"Sasa shangazi, chagua leseni. Watu wakatazwe kuuza? Wakatazwe kuubadilisha?"

"Kanivali gani hiyo ya kukatazana? Wapige, wauze, waupindue miguu juu! Ila jina langu walitaje."

"Leseni ya hivyo ipo."

"Basi bandika hiyo, mwanangu."

Mimi hupiga ngoma katika bendi ya Sjraar, aliyekuwa mume wa Fien. Walipoachana, Sjraar aliapa jina la huyo mama halitamtoka kinywani. Husema "yule wa tanuri". Siku moja akaja mazoezini anarukaruka kama mwanambuzi: ameokota wimbo mtandaoni, mtamu ajabu! Tukaupiga, matarumbeta yakapagawa. Tukakubaliana huo ndio wimbo wetu wa kanivali, sherehe ya mitaani ya mavazi ya vituko.

"Kautunga nani?" nikauliza.

Sjraar akachungulia simu, akaiva uso. Nikamnyang'anya, nikasoma kwa sauti jina la mtunzi na sharti lake. Bendi nzima tuliangua kicheko, mwenye tuba akaketi sakafuni.

"Tutaupiga bila kusema kitu," akanong'ona.

"Haiwezekani, mzee. Usipomtaja mtunzi, huupigi. Na msemaji wetu ni wewe."

Sjraar aliutaka wimbo kuliko kiapo. Jumapili ya kanivali, uwanja umejaa watu waliovalia manyoya na mabawa, akapanda juu ya kreti la bia.

"Wimbo huu umetungwa na Fi... Fie..."

"Nani?" umati ukapaza sauti.

"Fien Hoeberechts!"

Tukalipuka! Kila kona tuliyosimama, akamtaja tena. Haikuchukua muda akawa analitamka kwa madaha, mikono hewani.

Fien alisimama mbele ya duka lake, kavaa mavazi ya kuku, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Rudia, Sjraar, sikusikia vizuri!"

"Umenitega, we mwanamke!"

"Nikutege mimi? Umejileta mwenyewe. Haya, taja!"

Akataja, nusura vioo vipasuke. Halafu akamshika bawa, wakacheza.

Hawakurudiana, msije mkadhani. Ila Sjraar siku hizi hununua vlaai hapo na kumsalimia kwa jina. Na juzi Jeske kaleta habari: kwaya moja ya Finland imeugeuza wimbo ule kuwa wa kubembelezea watoto. Fien alicheka mpaka akaunguza tanuri zima la vlaai.