Magoti ya Alistidia

Mwaka ule wa 1960, pale Kishanda, ungeweza kumwibia Alistidia mkungu wa ndizi na akakusamehe kabla ya chakula cha mchana. Kumsalimia ukiwa umesimama, thubutu! Mwanamke wa Kihaya huwapigia magoti wakubwa zake, na Alistidia aliyatazama magoti ya watu kabla ya nyuso zao.

Sasa asubuhi moja mkwewe Kokushubila, bibi harusi wa miezi miwili kutoka Buganguzi, akaingia na kumsalimia wima kama mgomba.

"Magoti yamegoma, Mae," alisema, akimwita mama kwa Kihaya. Vifundo vilikuwa vimevimba na mikono imejaa vipele.

Kesho yake wima. Keshokutwa wima. Akaenda zahanati, akarudi na maneno ya Datius, dresa aliyetibu wagonjwa pale: imeingia homa mpya, inaenezwa na mbu. Mbu akiuma huacha mwilini kijidudu ambacho hata darubini ya zahanati haikioni. Kinashika viungo. Kwinini haikitishi, lakini hakiui, na maumivu huondoka yenyewe baada ya siku nyingi.

Alistidia alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Mbu tunamjua tangu tuzaliwe. Mbu huleta homa, haleti kiburi!"

Akamwita Rweyemamu, kaka wa marehemu mumewe, aje Jumamosi aamue kama binti arudishwe kwao. Alimsikia Kokushubila akifunga nguo zake huku analia, na moyo ukamchoma, maana binti alikuwa mchapakazi na alijua kumchekesha. Lakini heshima ni heshima. Akajifanya hasikii.

Ijumaa jioni Alistidia alishikwa na baridi. Jumamosi alipoamka, magoti yalikuwa yamejaa kama viazi vikuu. "Uzee huu," alijiambia, akitembea kwa kushika ukuta. Uzee gani unaofika kwa usiku mmoja? Hilo hakutaka kujiuliza.

Rweyemamu alifika, akaketi, akangoja salamu yake. Alistidia akasogea kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akaanza kushuka. Akashuka kidogo. Akakwama hapo hapo katikati, hakusimama wala hakupiga magoti.

"Mawe!" ilimtoka, kilio cha Mhaya cha kumwita mama yake.

Rweyemamu alikunja uso. "Shemeji, hii ni salamu gani? Umeniita nije kuhukumu dharau, na wewe unanisalimia hivyo?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alistidia alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kusema ni maradhi, lakini nani angeamini, wakati wiki nzima yeye mwenyewe ndiye aliyeyacheka? Akamtazama Kokushubila aliyesimama karibu na furushi lake, akangoja kicheko. Alistahili kuchekwa, na alijua.

Kokushubila hakucheka. Akaja akichechemea, akamshika mama mkwe kwapani.

"Tata, usimhukumu," alimwambia mzee, kama anayemwita baba yake. "Mae hana dharau hata kidogo. Ni mbu."

Kisha akavuta kigoda, akamkalisha taratibu. Alistidia alikaa ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka bila ruhusa yake.

"Leta kigoda kingine," alisema mwishowe.

"Cha nani, Mae? Mgeni ameshaketi."

"Cha kwako, mwanangu. Na hilo furushi lirudishe ndani."