Mtaro wa Bi Ngozi

Watu walimwita Bi Ngozi, naye hakuwahi kuona vibaya. Akiingia dukani, harufu ya kiwanda chake cha ngozi ilimtangulia na foleni ikajipangua yenyewe. "Faida ya kazi yangu hiyo," alikuwa akisema huku akicheka.

Kiwanda walirithi kwa baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Moto. Dada alishughulikia wateja, Moto akasimamia mabirika, kuanzia lile la chokaa, ambamo ngozi mbichi zililowekwa hadi manyoya yang'oke, hadi lile la dawa ya kulainishia. Maji machafu yalipita kwenye mtaro aliouchimba baba yao, yakaishia mtoni.

Mafundi viatu walipoanza kuagiza ngozi nyingi kuliko uwezo wa kiwanda, Bi Ngozi aliomba mkopo wa mashine. Benki ikamtuma afisa mikopo, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Hakuanza na hesabu. Alifuata mtaro hadi mtoni, akachota maji kwenye chupa, akazungumza na wanawake waliokuwa wakifua huko chini, mikono imewababuka.

Aliporudi alisema, "Mama, biashara yako ni nzuri. Lakini siku hizi benki haikopeshi kiwanda kinachomwaga dawa mtoni. Serikali ikikifunga kesho, mtatulipa na nini? Chimbeni mabwawa ya kuchujia maji, mniite tena. Hata riba itapungua."

Moto alikuwa amesimama kando ya birika la chokaa. "Baba yetu alimwaga maji humo mtoni maisha yake yote. Unamwita mchafu?"

"Sijamtaja baba yako, kaka. Nimetaja mtaro."

Moto alichomoa mti wa kugeuzia ngozi, akamtandika nao usoni. Taya lilivunjika kwa mlio uliosikika hadi getini. Afisa alianguka, na Moto akaanza kumpiga mateke ya mbavu. Bi Ngozi alipojitosa kati yao, mdogo wake alinyakua kisu cha kukwangulia nyama, akamchana mkono toka kiwiko hadi kifundo, mfupa ukaonekana.

"Mimi dada yako," alisema.

Moto aliinua kisu tena. Bi Ngozi aliokota ule mti, akampiga begani kwa nguvu zake zote. Moto akapepesuka kinyumenyume, akatumbukia kwenye chokaa.

Alipoibuka alikuwa akilia kama mnyama, macho yanaungua. Bi Ngozi alilala kifudifudi ukingoni, akamkamata ukosi. Kwa upofu na hofu Moto alimng'ata kidole, akamvuta naye azame. Ikabidi ampige ngumi za pua mpaka amwachie, ndipo wafanyakazi wakamtoa. Aliyeshika mpira wa maji kumwosha macho alikuwa afisa yule yule, taya linaning'inia, damu inamchuruzika kifuani.

Jicho moja lilipona. Moto alifungwa jela. Meneja wa benki akatupilia mbali maombi, akisema mahali maafisa wanapovunjwa mataya si pa kupeleka fedha.

Bi Ngozi aliuza gari la baba yao, akachimba mabwawa, mkono wake wenye kovu ukimuuma kila aliposhika jembe. Maji yalipoanza kutoka safi, alikwenda benki mwenyewe. Afisa alimtetea mbele ya meneja, akiongea kwa shida, mdomo umepinda. Mkopo ukatoka, wenye riba ndogo kama alivyoahidi, na mashine ikaja.

Moto alipoachiliwa alikuja kiwandani, akayatazama mabwawa, akatazama mahali mtaro ulipofukiwa.

"Umemzika baba mara ya pili," alisema.

"Ingia ndani ule, mdogo wangu."

Aliingia, akala, akanawa, akaondoka. Siku hizi anabeba mizigo sokoni. Humtembelea dada yake mara moja moja, nyumbani tu. Kiwandani hajakanyaga tena, na Bi Ngozi ameacha kumwomba.