Taya za Kipaza

Kituo kizima cha mabasi kiliijua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe. Abiria waliodhani watamkuta mama wa miraba minne kwenye kibanda cha matangazo walishangaa kumwona mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, kimo cha mtoto wa darasa la nne, miguu ikining'inia kitini. Wenzake walimwita Kipaza.

Alizaliwa na ugonjwa adimu wa kurithi. Mwili wake haukuweza kuvunjavunja sukari ya aina fulani, ikawa inajilimbikiza kwenye mifupa na viungo. Vidole vilijikunja, nyonga zikakaza, taya nazo zikafuata, mpaka mdomo ukawa unafunguka upana wa kidole kimoja, basi. Akajifunza kuyasukuma maneno kwa ulimi, na hakuna aliyewahi kuachwa na basi kwa sababu yake.

Gego lilipomuuma siku ya tatu mfululizo, dada yake mkubwa alimsindikiza kliniki.

"Mtoto, achama," daktari wa meno alisema.

"Mtoto nani? Mimi nakuzidi umri. Na nimeshaachama."

Daktari akamgeukia dada mtu. "Mwambie asiogope. Akiendelea hivi, mrudi siku nyingine."

Dada akanyanyua mkoba.

"Kaa, dada. Hatuendi popote," Kipaza alisema, kisha akamkazia macho daktari. "Tangu utotoni naitwa mkaidi. Nipige picha ya taya. Ukikuta ni woga, nitaondoka mwenyewe."

Picha ikapigwa. Daktari aliitazama, akavua miwani, akaitazama tena. Vichwa vya mfupa wa taya, ambavyo kwa kawaida ni vya mviringo, vilikuwa vimelika na kuwa bapa. Hapakuwa na pa kuzungukia.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Ila kukulaza usingizi ni hatari, njia yako ya hewa ni nyembamba. Na ukiwa macho, tutachukua muda."

"Muda ninao. Lete ganzi."

Kwa vifaa vya watoto, akipenyeza kupitia upande wa shavu, daktari alihangaika saa moja na nusu. Gego likatoka vipande vipande. Machozi yalimchuruzika Kipaza, lakini hakuinua mkono kumsimamisha.

Kazi ilipokwisha, hakushuka kitini.

"Andika kwenye faili: mdomo wake mwisho ni hapa, si ukaidi. Kisha unisomee."

Daktari akaandika, akasoma. Alikuwa ameandika "anadai si ukaidi." Kipaza akamfutisha neno "anadai", ndipo akashuka.

Kesho yake asubuhi, mkuu wa kituo aliliona shavu lilivyovimba. "Pumzika bwana, mwingine atatangaza."

"Huyo mwingine atatangaza Jumapili, siku yangu ya mapumziko," akajibu, akapanda kitini na kuliita basi la saa mbili.