Sauti ya Mayimuna na Kuni Zilizopanda Mahango

Zamani, kabla simu hazijaingia katika kila mfuko, habari za nchi yetu zilikuwa na njia zake. Kengele ya misheni ilikuwa na mlio wa sala na mlio mwingine wa kifo, na hata mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi aliweza kuitofautisha. Filimbi ya treni ilipolia Kasese, tulijua kwamba barua zimefika. Kengele ingalipo, ingawa wanaoisikiliza wamepungua, treni haipo. Kwa sisi wa Kinyamaseke, katika njia zote hizo, iliyobaki ni sauti ya Mayimuna.

Mayimuna ana chumba kidogo kando ya ghala la pamba, na nje ya chumba umesimama mlingoti wenye vipaza sauti vilivyogeukia pande zote za soko. Watu huuita mti wa Mayimuna. Kutoka juu ya mti huo tumepata kujua mbuzi wa nani amepotea, chanjo ya watoto itatolewa wapi, na nani ametutoka. Hapigi kelele. Husema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa ili ampe dawa, na akifika kwenye jina la marehemu hupumzika kidogo kabla ya kulitamka. Tangazo la msiba hulipanga kwa namna isiyobadilika: kwanza nyumba inayojulikana sokoni, kisha marehemu, kisha mahali na saa ya mazishi.

Mumewe, Faruku, ni msafirishaji. Lori lake limezeeka katika barabara ya Kasese na Bwera. Ndiye aliyemletea kompyuta kutoka Kampala, ile ya kusimama yenye sanduku lake, iliyokuja imeshafungwa yote kiwandani, akaishika mapajani njia nzima huku utingo wake akiendesha. Tangu siku hiyo Mayimuna hurekodi tangazo mara moja, kisha mashine hulirudia asubuhi na jioni, naye huweza kwenda kisimani, msikitini au msibani.

Juu ya kompyuta hiyo aliweka kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kikishuka mbele na nyuma hadi mezani. Nani kwetu haweki kitambaa juu ya redio yake? Kitu cha thamani hakiachwi uchi mbele ya wageni, wala mbele ya vumbi la pamba.

Kitambaa hicho kilifumwa na Benedicte, dada yake mzee Kezironi. Mayimuna na Benedicte walikuwa wasichana pamoja katika darasa la kushona la masista. Baba yake Mayimuna alimruhusu kwenda kwa sharti kwamba ashike sindano tu, katekisimu awaachie wenyewe. Benedicte ndiye aliyemsubiri nje kila siku ili warudi pamoja, na waliosoma nao husema kwamba wawili hao walizungumza hata wakiwa na nyuzi mdomoni. Baadaye Benedicte aliolewa na Mkatoliki wa Bwera, akapokewa katika kanisa lao kwa jina hilo, akawa muuza vitambaa katika soko la kule karibu na mpaka. Urafiki haukuolewa, ulibaki ulipokuwa, ukipanda na kushuka katika lori la Faruku.

Mwaka jana, wakati wa jua kali, Benedicte alifariki. Habari ilimfikia Mayimuna alfajiri, Faruku akiwa bado Kasese na lori. Alirekodi tangazo, akaipa mashine maagizo yake, akapanda gari la kwanza kwenda Bwera ili akae na wafiwa. Mimi, mwalimu wa shule ya hapa, nilikuwa sokoni nikinunua chumvi wakati mti uliposema:

"Ndugu zangu wa Kinyamaseke, msiba umeipata nyumba ya mzee Kezironi wa Mahango, yule muuza vitunguu wetu. Amefariki..."

Mti ukanyamaza.

Tulisubiri. Hapakuwa na zaidi. Kezironi, ambaye huteremka kutoka mlimani kila wiki na vitunguu vyake, alikuwa amekohoa mwezi mzima, na soko lililopita hakuonekana. Kila mtu alilimalizia tangazo hilo moyoni mwake, na sote tulilimalizia vibaya. Wanawake wakafunga vitenge viunoni. Kwetu hakuna anayekwenda msibani mikono mitupu, kwa hiyo kuni zilifungwa, ndizi zikakatwa, na lori la Faruku, aliyeingia wakati huohuo kutoka Kasese bila habari yoyote, likajaa. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Nani humpigia marehemu?

Mahango ni upande mmoja na Bwera ni upande mwingine. Lori lilitupeleka hadi barabara inaposhindwa na mlima, tukamalizia kwa miguu, kuni kichwani. Karibu na boma wanawake walianza kulia. Mlango ukafunguliwa na Kezironi akatoka, koti amelivaa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

Blasio, muuza nyama, mtu asiyejua kunyamaza, akajibu. "Ni wewe, mzee."

"Nani amekuambia?"

"Mti wa Mayimuna."

"Basi mti huo unanijua kuliko ninavyojijua," alisema Kezironi, akaketi kizingitini ili avae kiatu cha pili. "Dada yangu amekufa, Blasio. Dada yangu wa Bwera. Ndiyo safari ninayovalia viatu hivi, na nyinyi mmenizibia njia."

Tuliziacha kuni uani, kwa kuwa ilionekana vibaya kuzirudisha majumbani. Tulimteremsha mzee kwa zamu, kifua chake hakikuwa na nguvu, na Faruku aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Hata hivyo tulipofika Bwera kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Mayimuna alikuwa amesimama kando ya njia na watu wachache wa jirani. Asubuhi yote alikuwa ametazama njia hiyo, akijiuliza Kinyamaseke imepatwa na nini hata isije kumzika Benedicte. Kezironi aliokota donge la udongo, akaliweka juu ya kaburi kwa mkono wake.

Tangu siku hiyo mti ulinyamaza. Wakuu wa soko walisema kwamba ukikatiza msiba mwingine utang'olewa, lakini Mayimuna hakungoja kuambiwa. Aliizima mashine mwenyewe. Aliyetaka kutangaza alimrudisha nyumbani kwa upole. Alisema sauti ambayo watu hawawezi kuiamini hadi mwisho si sauti, ni upepo. Nilipopita kumsalimu nilimkuta akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Ulipokaribia wakati wa kumaliza msiba, siku ambayo jamaa na marafiki hukusanyika tena, hula pamoja na kuwaachilia wafiwa warudi kwenye maisha yao, Kezironi aliteremka kutoka mlimani akiwa na fimbo. Tuliketi naye kwenye benchi mbele ya chumba cha Mayimuna.

"Mama Swabrah," alimwambia, kwa kuwa Swabrah ndilo jina la bintiye wa kwanza, "utatangaza siku ya Benedicte."

"Mzee, tafuta mtu mwingine. Siku hizi vijana wako na simu."

"Simu haisikiki shambani. Na ukikaa kimya wewe, watu watasema nimekukasirikia. Alizikwa na watu wachache, hilo limepita. Lakini msiba wake usifungwe na watu wachache. Nitamwambia nini siku nikimfuata?"

Mayimuna alitazama chini. "Na ikikatika tena?"

"Itengenezwe. Mtu akikohoa anapelekwa kwa daktari. Mimi si nilipelekwa?"

Hivyo ndivyo alivyoitwa Huzaifa, fundi wa kompyuta kutoka Nyamwamba, mtaa wa mjini Kasese, mtu mpole mwenye vidole virefu. Aliusikiliza ugonjwa wote kwanza, akiuliza mashine hujizima baada ya muda gani na kama huwa na moto ikiguswa. Kisha alikiondoa kitambaa, akakikunja kwa adabu, akaivua mashine ubavu wake. Ndani, juu ya prosesa, ambayo ndiyo kichwa kinachofikiri, kulikuwa na feni ndogo iliyokaa juu ya kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba. Mapezi hayo hayakuonekana. Pamba na vumbi jekundu vilikuwa vimesukwa pamoja hata vikawa kama godoro.

"Hii ndiyo inapooza kichwa," alisema Huzaifa. "Iko imekufa. Kichwa ikipata moto sana, mashine inajizima yenyewe isiungue. Haikuwa na ubaya, mama. Ilikuwa inajiokoa."

"Ingeniambia," alisema Mayimuna.

"Ilikuambia. Ilikuwa inalia, ama?"

"Ililia. Nikadhani ni uzee. Hata Faruku analia usiku, anakoroma."

Faruku alicheka akiwa mlangoni. "Mimi nikilia unanigeuza upande. Hiyo ungeigeuza pia."

Kipoozaji alichokuja nacho Huzaifa, feni na mapezi yake pamoja, kilikuwa kipya na kizuri, lakini hakikukubali. Mashine zilizofungwa kiwandani, alitueleza, zina ukaidi wa nyumba ya kifalme: hazioi nje. Skrubu za kipoozaji cha zamani zilipita katika ubao mkuu na kushika bati la sanduku lenyewe, na matundu ya kile kipya hayakulingana nazo. Plagi ya feni nayo ilikuwa ya umbo jingine. Alipojaribu kuiwasha kwa kuunga nyaya za feni kwa mkono, mashine ilipiga mlio, ikaandika kwamba feni yake haionekani, ikakataa kuendelea. Huzaifa alifunga mkoba wake akarudi Kasese, na Mayimuna akatutazama kana kwamba ametabiri.

Siku ya soko iliyofuata alirudi. Alikuwa amezunguka kwa mafundi wenzake hata akapata mashine iliyokufa ya kabila lilelile, ambayo kipoozaji chake kilikuwa kizima. Alikuwa ametia mafuta mhimili wa feni na kuyasafisha mapezi kwa mswaki. Tulikaa tukimtazama kama zamani tulivyomtazama padri akisafisha kalisi, kile kikombe cha misa. Aliifuta prosesa kwa pamba na spiriti mpaka grisi ya zamani, iliyokuwa imekauka kama uji wa juzi, ikatoka yote. Alitia tone jipya katikati, si kubwa kuliko punje ya mahindi, akakiweka kipoozaji juu yake, akaanza kukaza skrubu kwa kuvuka: hii kidogo, kisha ya kona iliyoitazama, kisha nyingine.

"Hiyo ninaijua," alisema Faruku. "Ni gurudumu. Ukikaza upande mmoja kwanza, linakaa kichwa upande."

"Ni hivyo hivyo, mzee. Grisi nayo inataka kulala sawa."

Mashine ikaamka bila kulalamika. Feni yake ilinong'ona tu. Mayimuna alirekodi sentensi chache za kujaribu, zikarudi nzima, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona akitabasamu. Akaleta chai. Akapanga vikombe, akafuta meza, akakitandaza kitambaa mahali pake, huku akizungumza.

Hatukuwa tumemaliza chai wakati ule mnong'ono ulipogeuka kuwa mlio, kisha kilio. Huzaifa aliweka kikombe chini, akagusa sanduku, akauondoa mkono haraka. Alikishika kitambaa kwa ncha akakiinua, na joto likatoka chini yake kama la chungu kinachofunuliwa.

"Mama," alisema polepole, "hii mashine inapumua kwa hapa mbele, inatoa pumzi huku nyuma. Wewe unaifunika kama maiti."

Mayimuna alikipokea kitambaa, akaketi nacho mapajani, akayapitisha maua yake chini ya kidole gumba, moja baada ya jingine, kama tasbihi.

"Kimefumwa na Benedicte," alisema hatimaye. "Alinipa ili mashine yangu isiingiwe na vumbi. Alisema, 'Sauti yako isikohoe.'"

Kezironi alinyosha mkono, naye akampa ncha moja. Mzee alikisogeza karibu na macho. "Huyu hakujua kufunga uzi," alisema. "Tazama, Mwalimu. Hata katika koti alilonishonea ni hivyo hivyo, huacha mkia." Tulitazama. Kwenye kona kulikuwa na mkia mdogo wa uzi. Feni nayo ikarudi kunong'ona.

"Kimefanya kazi kupita kiasi," alisema Kezironi. "Kilete Bwera. Tutakitandika chini ya picha yake. Pale hakuna kinachohitaji kupumua."

Mayimuna alicheka huku akifuta machozi kwa ukingo wa shela. Kisha aliuvuta mkono wa maikrofoni, akarekodi tangazo la Benedicte mbele yetu.

Kesho yake asubuhi hakwenda popote. Alikaa kando ya mashine iliyo wazi. Nami nilikuwa sokoni tena, na niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: mti ulipoanza kusema, soko lilisimama. Blasio aliacha shoka ndani ya mfupa. Hakuna aliyefunga kitenge, hakuna aliyekimbilia lori.

"Ndugu zangu wa Kinyamaseke, nyumba ya mzee Kezironi wa Mahango inawaita. Tunamaliza msiba wa Benedicte, dada yake, muuza vitambaa, rafiki yangu." Hapo alipumzika, na sote tukazuia pumzi. "Ni Bwera, nyumbani kwake, Jumamosi, saa nne. Nimemaliza."

"Mzee Kezironi yuko hai?" Blasio aliuliza kwa sauti, akielekeza uso juu kwenye mlingoti, na soko zima likacheka.

Jumamosi Faruku alipanda kwanza Mahango. Zile kuni zilikuwa bado uani, zimekauka vizuri. Kezironi alikuwa amekataa kuzigusa, akisema hawezi kuchemsha chai kwa kuni za kaburi lake. Vijana walizishusha hadi kwenye lori naye akaketi mbele, viatu vyote viwili miguuni. Kinyamaseke tulikuwa tumeshajipanga barabarani, wengi kuliko lori lilivyoweza kubeba, na waliokosa nafasi walikuja kwa pikipiki nyuma ya vumbi letu.

Bwera, kuni zile zilishika moto mara moja, na watu walikula mpaka kivuli cha mlima kikafika uani. Mayimuna alikitandika kitambaa mezani, akaiweka picha juu yake, akaunyoosha ule mkia wa uzi upande wa mbele, mahali ambapo kila mtu angeuona.