Dhahabu ya Fundi Aminieli

Redio ikishapona, Fundi Aminieli hakuiruhusu iondoke mezani kwake mpaka ameizungushia waya mwembamba wa shaba, ule anaouchomoa kwenye transfoma zilizoungua. Aliusokota mara tatu, kisha akaikunja ncha na kuielekeza ndani isije ikamchoma mteja. Mfuko wa nailoni hakuutaka kabisa. Alisema mfuko ni wa vitunguu. Sisi wa barazani tulimcheka mpaka tukachoka, na wateja wake wakawa wanafika nyumbani na redio zilizofungwa kama maharusi.

Miaka kumi na tisa tumekaa baraza moja, nyuma ya soko hapa Moshi mjini, yeye na redio zake, mimi na cherehani yangu. Mimi si Mchagga. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa huku chini, akazaa, akasahau kurudi. Jina langu Pamela, ila mtaani naitwa Mama Blessing, na nasema haya kwa sababu hadithi ya Aminieli ina mkono wangu ndani yake. Nisingependa mtu mwingine aje aisimulie akaniacha nje kana kwamba nilikuwa nakata suruali tu.

Aminieli ni wa Old Moshi, mtu wa kwaya, sauti ya nne, ile nzito, mrefu na mwenye aibu. Ukimpelekea redio akakuta ni waya tu umechomoka, anauchomeka, anakurudishia, na hela hapokei. "Hapo sijafanya kitu," anasema. Nilikuwa nakasirika kwa niaba yake. Mtu ana mke, ana mama mzee kule kihambani, kwenye migomba ya ukoo, halafu anagawa kazi bure kama sadaka! Lakini watu walimwachia vitu vyao mwaka mzima bila karatasi wala sahihi. Jina jema hung'aa gizani, na la kwake lilifika hadi Rombo.

Shida ni kwamba redio zenyewe ziliisha. Watu wanasikiliza simu, na simu ikiharibika wanampelekea kijana wa kioo pale kona. Kuna wiki Aminieli alikuwa anafuta vumbi asubuhi, anafuta tena jioni, anafunga. Sikupenda kumwona hivyo. Kwa hiyo siku moja mwezi wa pili, nikiwa napitapita mtandaoni kutafuta mishono, nikakutana na tangazo nikamwonyesha. Nilimwonyesha mimi.

Lilikuwa na picha ya kiganja kilichofunguliwa, katikati kipande cha dhahabu ukubwa wa punje ya harage. Chini yake wameandika: bodi za kompyuta za zamani, kilo moja hutoa gramu saba za dhahabu safi, mzigo mchache, wahi. Bei yake ilikuwa ya mtamba mzima.

"Fundi," nikamwambia, "hivi ndani ya hayo makorokoro yako kuna dhahabu?"

"Ipo," akasema, na macho yakamng'aa. "Kidogo sana. Kwenye meno ya bodi. Wazungu wanaitoa."

Hapo ndipo alipoumia. Mtu asiyejua kitu angepita na njia yake. Aliyeliwa ni huyu aliyejua nusu. Akapanda Old Moshi, akamshawishi mama yake, wakauza mtamba aliyekuwa bandani akingojewa azae. Msinianzishie ule msemo wa ving'aavyo. Kila mtu mtaani alikuja kumwambia, baada ya mambo kuharibika.

Boksi likaja kwa basi. Juu kabisa zilipangwa bodi tano nzuri, zenye meno ya njano. Chini yake zilijaa bodi za rimoti, za vikokotoo, na midoli ile inayolia ukiibonyeza tumbo. Mmoja ulilia tulipoutoa. Tukapiga namba ya muuzaji, haipatikani. Aminieli hakukubali. Akachukua bodi mbili kati ya zile nzuri pamoja na konzi ya takataka, akanunua tindikali, akaenda kuzichemsha nyuma ya nyumba ya mama yake, akarudi na kikohozi cha siku tatu na kichupa chenye vumbi la kahawia, kama machicha yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Sonara akalimwaga kwenye mizani yake ndogo. Mizani haikutikisika.

"Fundi," sonara akamwambia kwa upole, "hapa hata kipini cha mtoto hakitoki."

Nilikuwa sijawahi kumwona Aminieli na hasira. Wiki ikapita. Halafu akaniambia, huku akitazama barabarani, "Mama Blessing, ile simu yako bado ina ile picha?"

Ninajua mtu mwema angejibu nini. Mimi nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira kuliko yeye, na kichwani mwangu nilisema acha naye arudishe chake, wenye tamaa wako wengi. Nikaandika tangazo maneno yaleyale, picha ileile, gramu zilezile saba. Jina tukaweka Jovin Madini. Aminieli akapanga zile bodi nzuri tatu zilizobaki juu, na midoli chini, kama alivyoikuta. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tulikitembeza siku nne tu. Akatokea mteja aliyejiita Mama Dafroza, wa Mkuu, kule Rombo. Rombo imejaa akina Mama Dafroza. Hela ikaingia kupitia wakala, boksi likapanda basi. Aminieli alinipa kidogo cha vocha, nikapokea.

Mwezi wa sita mwanzoni, Mwalimu Lukresia akaja barazani.

Mwalimu Lukresia amefundisha shule ya msingi huko Mkuu mpaka akastaafu, na redio yake ya mbao amekuwa akiiteremsha kwa Aminieli miaka ishirini na minane, tangu kabla ya baraza hili. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuifungua. Siku hiyo hakuwa na redio. Alikuwa na kikapu, na juu ya kikapu boksi, na boksi lilikuwa limezungushiwa waya wa shaba, umesokotwa mara tatu, ncha imekunjwa ndani.

Nilisimamisha cherehani. Aminieli alikuwa amelifunga kwa mazoea tu, mkono haukumuuliza. Na mimi niliyesimama pale nikimtazama akilifunga, sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa nimeuona waya ule kila siku kwa miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Aminieli. Sauti ya nne ilikuwa imemtoka.

"Marahaba, baba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu."

"Nimekuja na kazi ngeni." Akaweka boksi mezani taratibu. "Mwezi wa nane mimi na Mzee Onesphory tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Padri atatufanyia jubilei. Pete zetu unajua tuliziuza ule mwaka kahawa ilipoanguka, watoto wakasoma. Sasa binti yangu Dafroza akaniambia huku mtandaoni kuna mizigo ya dhahabu. Nataka pete mbili tu, nyembamba. Niangalizie kama zinatoka."

"Hujafungua?"

"Sijafungua. Niliposhika tu nikaona nikuletee wewe ufungue."

Akakaa kwenye kile kibenchi, mikono mapajani, akamtazama. Sasa hivi ninajua alikuwa anangoja nini. Wakati ule nilidhani amechoka na safari. Aminieli alihangaika na ule waya kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, mpaka ukamchoma kidole. Akafungua, akatazama, akainua mdoli mmoja, akaurudisha.

"Mwalimu," akasema, "hii ni takataka. Wamekutapeli."

"Wamenitapeli." Akatikisa kichwa polepole. "Nani anaweza kumfanyia mtu hivi?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikiamka usiku najirudisha pale, nataka Aminieli aseme, au niseme mimi. Cherehani ilikuwa kimya, soko lilikuwa halijachangamka, hakuna aliyetukatiza.

"Watu wa Dar, Mwalimu," akasema Aminieli.

"Ni watu wa Dar, baba?"

"Ndiyo. Ni watu wa Dar."

Mwalimu akavuta kikapu chake karibu. Akainuka, akatoa kwenye kikapu chane mbili za ndizi mshare, akaziweka juu ya meza. "Za mtori," akasema. "Mpelekee mama." Boksi akaliacha.

Ndizi zile Aminieli hakuzipeleka. Ziliivia pale chini ya meza, zikaanza kuvutia nzi, nikazitupa mimi. Hela aliirudisha wiki ileile, yote, kupitia wakala, bila jina. Sijui aliipata wapi na sikuuliza. Akadhani imekwisha. Nikamwambia, "Hela imerudi, Fundi, ila wewe hujarudi." Akanijibu nishone nguo.

Kwenye jubilei tulikwenda, maana Aminieli alishaahidi kuwafungia spika tangu mwaka wa nyuma. Kanisa lilijaa, wajukuu wamevaa sare ya kitenge cha rangi ya dhahabu, na nilishona mwenyewe kumi na mbili kati ya hizo. Padri akaomba pete. Mzee Onesphory akatoa mfukoni rozari mbili za kidole, zile za chuma zenye vijino kumi na msalaba, zinazouzwa mlangoni kwa bei ya maandazi. Padri akazibariki. Mzee alipojaribu kumvisha mkewe, kile chuma kikagonga maikrofoni. Kanisa zima lilisikia, kwa sababu spika za Aminieli hazina hitilafu. Nilimtafuta nyuma ya mashine yake. Hakuwepo. Nilimkuta nje, ameegemea ukuta, analia wazi kama mtoto.

Nilidhani atasema siku ile. Hakusema. Wala mimi.

Mwezi wa kumi na mbili Wachagga wanarudi nyumbani, barabara ya kupanda mlima inajaa magari, na watu wanamaliza kesi zao kabla ya sikukuu. Asubuhi moja Aminieli akaja barazani amevaa koti la kwaya. Mkononi alikuwa na jani refu la kijani, amelifunga fundo. Nimeishi nao vya kutosha, nikalijua. Ni isale. Wanalipanda mipakani na kwenye makaburi, na mtu akikukosea sana anakuletea jani lake, na wewe ukilipokea, umesamehe. Kukataa isale ni mwiko. Hata aliyeuliwa ndugu anatakiwa alipokee.

"Nimelikata kwenye kaburi la baba," akasema. "Twende."

Mwalimu Lukresia alitupokea uani, chini ya migomba, akichambua maharage. Kidoleni alikuwa amevaa ile rozari ya chuma. Aminieli hakuweza hata kusalimu. Alipiga magoti kwenye majani makavu akamnyooshea isale kwa mikono miwili, akasema yote, mtamba, tindikali, midoli, watu wa Dar. Mimi nikasema, "Na tangazo niliandika mimi, Mwalimu." Hakunitazama. Alimsikiliza Aminieli mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyechelewa kujifunza somo.

"Fundo lako," akasema, "nimelifungua miaka ishirini na minane, Aminieli. Nililijua pale stendi, boksi likiwa bado mikononi mwa konda. Nikasema moyoni, atakuwa amebanwa na shida. Nikimletea aone waya wake mwenyewe, ataniambia. Nikakaa kwenye kibenchi chako nikangoja."

"Nilikuona, Mwalimu."

"Hata jubilei nilingoja. Nilijua uko kwenye spika."

Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea isale kwa mikono yote miwili, akalibusu, akamshika Aminieli kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo wote. Na hili halitatajwa tena kwenye nyumba hii." Nilimwamini. Mpaka leo namwamini.

Tukala mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Mzee Onesphory akatoka ndani akatuchekea, akamimina pombe ya mbege, akatuuliza habari za mjini kana kwamba tumekuja kuposa mjukuu. Aminieli alikuwa amepumua. Niliona mabega yameshuka. Ndipo taarifa ya habari ya saa saba ikaanza kusikika redioni kutoka sebuleni, na ndani ya habari mna mkoromo, kama mtu anakaanga vitumbua karibu na mtangazaji.

Aminieli aliinua kichwa. Fundi ni fundi.

"Hiyo ni kondensa imekufa, Mwalimu," akasema, akiwa ameshaanza kuinuka. "Naibeba leo hii. Kesho naileta."

Mwalimu Lukresia alimwekea mkono begani, kwa upole, akamkalisha.

"Acha tu, baba. Ilikwenda kwa fundi Jackson wa pale stendi."

"Lakini hajaitengeneza. Inakoroma."

"Inakoroma," akakubali Mwalimu, na akamwongezea mtori. "Tumeizoea."

Mwalimu alipokwenda kuchukua chumvi nilichungulia sebuleni. Redio ya mbao ilikuwa juu ya kabati, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, ingali imefungwa kwa kipande cha kamba ya katani ya Jackson.