Vizibao Tisa vya Fundi Asteria

Fundi Asteria wa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, ameshona sare kwa miaka thelathini na minne. Kashonea kwaya, kashonea shule, kashonea maharusi na kamati za misiba. Ukitaka kumuudhi, na si mtu wa kuudhika haraka, mwonyeshe picha ya harusi ambayo mmoja wa wanakamati kavaa kitambaa kilichopauka kuliko cha wenzake. Ataitazama, ataguna, halafu atakurudishia simu yako.

Lakini siku hizi sare zinakuja zimeshashonwa, zimekunjwa kwenye mifuko ya nailoni, kutoka Mwanza na Dar. Ilikuwa imepita miezi minne Asteria hajapokea kazi ya watu zaidi ya wawili. Alichobaki nacho ni zipu, kupunguza suruali, na kiraka cha hapa na pale. Ndipo mwanawe Januari, anayeuza vipuri vya mashine za kusagia mawe kule Geita, akampigia simu.

"Mama, Jumapili ya wiki ijayo nakuja na gari ya mzigo. Tunaipakia hiyo cherehani, unakuja kukaa na wajukuu zako. Umeshona vya kutosha."

"Kama mpaka Jumapili hiyo sijapata kazi ya maana," Asteria akamjibu, "njoo unichukue."

Alilisema hilo Ijumaa, na keshokutwa yake, Jumapili, alikuwa ameshaanza kulijutia, maana siku saba tu zilibaki. Wajukuu anawapenda. Lakini kwa Januari angekuwa bibi wa kuketi kwenye kochi na kuulizwa kama chai imetosha sukari. Pale kibarazani sokoni alikuwa fundi.

Jumatatu asubuhi wakaja vijana wawili kwenye pikipiki, wamebeba kiroba kikubwa katikati yao. Wa kiume anaitwa Davis, dereva wa bodaboda. Wa kike ni Zuhra, anasoma chuo na jioni anauza juisi ya miwa stendi. Wote wawili ni viongozi wa kundi la mashabiki wa kijana mmoja wa hapohapo Shinyanga ambaye sasa anaimba, na nyimbo zake utazisikia kwenye kila pikipiki inayopita. Jumamosi ile alikuwa anakuja kuimba uwanjani, kwao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mzigo wote huo, mnahama?"

"Tunataka vizibao tisa, bibi," akasema Davis. "Sare yetu ya mashabiki."

Asteria aliposikia sare, alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge. Alitaka kuitazama kazi hii vizuri.

"Kitambaa kiko wapi?"

Davis akakimwaga kiroba juu ya meza. Ikatoka ovaroli ya kazini, imepauka magotini. Likatoka pazia la maua, shuka, sketi ya shule, jezi nyekundu ya mpira, gunia la pamba lililofuliwa, na vingine vya namna hiyo hadi vinane. Asteria aliviinua kimoja kimoja.

"Haya si ni matambara, wanangu?"

"Chukua kazi, Mama Januari," akadakia Mwamvua, anayeuza khanga na vitenge meza ya jirani. Kwao ni Pwani, na kwa utani wa makabila yao hamwachi Msukuma yeyote apite hivihivi. "Wasiporudi, utapata vya kupigia deki hadi Krismasi."

Davis akacheka, lakini akaeleza kwa makini. Mwaka jana walinunua fulana mpya za kuchapisha, kila mtu ya kwake. Zilipofuliwa mara mbili, picha ya msanii ikabanduka, likabaki sikio. Fulana zote ziliishia mtaroni, na mvua ilipokuja mtaro ukaziba. Safari hii wamekubaliana hakuna kununua kipya. Kila mtu kaleta nguo ya zamani ya kwao nyumbani, hata maji watakwenda nayo kwenye chupa zao.

"Mshono uwe mmoja, bibi, ila kila kizibao kibaki na kitambaa chake. Hatutaki kufanana."

"Tunatunza mazingira," akaongeza Zuhra.

"Mazingira," akasema Asteria.

Chini ya meza yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya mashati yaliyokufa. Vipande vya vitambaa alijazia mito. Nguo iliyomshinda kushona iligeuka kishikio cha sufuria, na kishikio kikichoka kiligeuka utambi wa kibatari. Amefanya hivyo tangu usichana wake, na hakuwahi kusikia kwamba jambo hilo lina jina lingine zaidi ya kukosa.

Zuhra alikuwa wa mwisho kutoa cha kwake. Hakukiweka kirobani na vingine, alikitoa kwenye mkoba wake. Ilikuwa khanga ya zamani, laini kama ngozi ya kitunguu.

"Hii ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Maneno yake yaje mgongoni, bibi. Yasikatwe hata kidogo."

"Hayatakatwa," akasema Asteria, na hilo alilitimiza kwa uaminifu wote.

Alishona Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ile khanga aliipima mara nne kabla ya kutia mkasi, na maneno saba ya bibi yake Zuhra yakakaa katikati ya mgongo, yamenyooka kama reli. Alhamisi mchana akavitundika vizibao vyote tisa kwenye kamba uani kwake, akarudi nyuma hatua kumi kama anavyofanya siku zote, akavitazama.

Mshono ulikuwa mmoja, hilo sawa. Lakini pazia pale, jezi hapa, gunia kule. Ilionekana kama nguo za watu waliookolewa kwenye mafuriko.

Ngoja niwaambie alichokumbuka. Zamani, kwenye harusi ya binamu yake kule Mwadui, Asteria hakuweza kununua sare. Akatafuta kitambaa kinachokaribiana nayo rangi, akajishonea mwenyewe, akaenda. Wakati wa picha, mama mmoja wa kamati akamshika mkono kwa upole, akamwambia, "Dada, sogea kidogo huku, hapo jua linakupiga." Akasogea. Kwenye picha hayumo. Na aliporudi nyumbani na kuulizwa kwa nini hayumo, yeye mwenyewe alisema kwamba jua lilikuwa linampiga.

Kwa hiyo alipokuwa uani, ile "hatutaki kufanana" ya Davis akaielewa kwa namna yake. Akaenda kwa Mwamvua kununua rangi ya nguo.

"Rangi ya nini tena? Wenyewe si wamesema wasifanane?" akauliza Mwamvua.

"Hata mimi nilisema jua linanipiga."

Mwamvua hakuelewa, lakini alimpa pakiti sita za bluu ya giza.

Ijumaa Asteria akaazima sufuria la kwaya, lile la kupikia pilau la sikukuu, akachemsha maji, akatia rangi na chumvi, akavitumbukiza vizibao vyote tisa. Aliwaonea huruma vijana wale, na huruma hiyo ilimpa nguvu ya kukoroga saa nzima kwa mwiko. Akajisemea kwamba kesho watasimama uwanjani kama watu, na hakuna atakayeambiwa asogee.

Kumbe rangi nayo ina mambo yake. Gunia la pamba na shuka vilishika vizuri, vikawa bluu kama wingu la mvua. Pazia likawa na rangi ambayo Asteria hakuwa na jina lake, kitu kati ya bilinganya na kutu. Ovaroli ilishika, lakini jina la baba yake Davis, Mayala, lililodariziwa kifuani kwa uzi wa nailoni, lilikataa kabisa, likang'aa jeupe kuliko mwanzo. Na jezi ilitoka nyekundu vilevile, kama haikuingia kwenye sufuria. Asteria aliirudisha mara mbili, na mara mbili ikatoka nyekundu.

Ile jezi ilimuumiza sana. Akaihangaikia hata khanga akaitazama mara moja tu, akaona imeshika vizuri, akaridhika.

Jumamosi asubuhi wakaja wote tisa, na kelele zao zikajaa kibaraza. Asteria hakusubiri waulize.

"Wanangu, mnisamehe. Hazikufanana vizuri. Hasa hii nyekundu, imenishinda."

Kelele zikaisha. Davis akainua kizibao, akakigeuza, akainua kingine.

"Bibi, mbona... hii ni ipi? Ya nani hii?"

"Ndiyo ya shuka. Hiyo imeshika vizuri sana."

"Imeshika nini?"

"Rangi. Nimewatafutia rangi moja. Hamna deni, ya rangi nimetoa mimi."

Wakatazamana. Mwenye jezi akaivaa haraka, akasema yeye yuko salama, na wenzake wakamzomea. Mwenye pazia alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pikipiki, hajui kama afurahi.

"Lakini bibi, tulikwambia hatutaki kufanana," akasema Davis taratibu.

"Nilidhani hamna uwezo."

Davis akavaa kizibao cha ovaroli ya baba yake, na wenzake wakaanza kulisoma jina kifuani kwa sauti, Mayala, Mayala, mpaka akatabasamu bila kupenda. Asteria alikuwa anamtazama kila mmoja usoni. Alikuwa ameomba radhi kwa sababu hazikufanana, na sasa ilionekana ameharibu kwa kuzifananisha. Katika kazi yake yote hakuwahi kukosea pande mbili kwa mpigo.

Kisha akamwona Zuhra. Alikuwa amekishika kizibao chake juani, anakiinamisha huku na huku.

"Maneno yako wapi?"

"Yapo, ng'wana wane, mwanangu. Sijakata hata herufi."

Yalikuwepo kweli. Ukisogeza jicho karibu, uliona weusi juu ya bluu, kama nyayo za sisimizi usiku. Zuhra akaketi kwenye benchi.

"Bibi yangu hakuwahi kupigwa picha," akasema. "Kilichobaki chake ni hiki."

Wenzake waliondoka wakimwambia awafuate. Hakuinuka. Mwamvua naye, ambaye hajawahi kukosa neno, alipanga vitenge vilivyokuwa vimeshapangwa. Baadaye akanong'ona, "Basi kazi ya maana umeipata, Mama Januari. Kesho mwanao utamwambia nini?"

"Sijui kama huku ni kupata."

Asteria akachukua chaki ya kuchorea, akampa Zuhra.

"Maneno unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Yaandike palepale yalipokuwa."

Zuhra akatandaza kizibao mezani, akaandika. Asteria akatunga uzi mweupe wa nailoni kwenye sindano ya mkono, akaanza kuzifuata herufi. Mwandiko wa Zuhra ulikuwa umepinda, neno la pili limepanda juu kuliko la kwanza. Asteria akataka kulishusha.

"Liache hivyo, bibi."

Akaliacha, ingawa mkono ulimuuma kuliacha. Hakuelewa. Alishona herufi iliyopinda vilevile ilivyopinda, na Zuhra akaanza kumwambia habari za huyo bibi: kwamba alikuwa anauza mihogo ya kukaanga, kwamba alikuwa na mkono mzito wa kupiga na mwepesi wa kugawa. Saa tisa alasiri muziki ukaanza kusikika kutoka uwanjani, wanajaribu vyombo. Maneno manne yalikuwa tayari. Matatu bado.

"Nenda nacho," akasema Asteria. "Kesho ukirudishe nimalizie. Wabeja, asante kwa kunivumilia."

Zuhra akakivaa, akaondoka akikimbia.

Jumapili Januari akafika na gari, na kamba begani. Alimkuta mama yake kibarazani, ameketi mbele ya cherehani na uzi mweupe uko tayari.

"Mama, shikamoo. Hukufunga vitu?"

"Marahaba. Kuna kazi sijamaliza."

Hawajafika mbali katika maongezi, Zuhra akatokea amevaa kizibao chake, na nyuma yake wasichana wawili wasiofahamika, kila mmoja na mfuko. Asteria akanyoosha mkono akipokee.

"Hapana bibi. Usimalizie."

"Nisimalizie? Yamebaki maneno matatu."

"Jana kila aliyekuwa nyuma yangu alinigonga begani. Dada, mbona yameishia hapo? Yanaendeleaje? Ikabidi niwaambie, na nikiwaambia wanauliza ya nani, nawaambia ya bibi yangu. Nimemtaja jana kuliko miaka yote tangu afe." Akageuka. "Na hawa wameleta za kwao. Wanataka hivihivi."

"Hivihivi vipi? Isiyoisha?"

"Wewe waulize, bibi."

Mmoja alikuwa na khanga ya shangazi yake. Mwingine alikuwa na taulo. Asteria alilishika lile taulo, akaligeuza.

Januari alikuwa amesimama na kamba yake. "Mama, sasa hii ndiyo kazi ya maana?"

"Sijui, mwanangu," akasema Asteria. "Nimeharibu, wamechukia. Nataka kurekebisha, wananikataza. Sielewi hata kimoja." Akasukuma benchi kwa mguu ili wasichana wakae. "Siwezi kuondoka sijaelewa. Wewe nenda, gari isikuchelewe. Wasalimie watoto."

Januari alimtazama Mwamvua kama anaomba msaada. Mwamvua akamwambia kwamba kamba yake ni nzuri, kama anaiuza aseme. Naye Asteria alikuwa ameshainamia taulo, anamuuliza msichana kwa upole, kama mtu anayejifunza kazi siku ya kwanza, aliyelitumia hili alikuwa nani.