Mwarobaini Ambao Irulayi Hakuutundika

Usiku ule simu niliiweka juu ya pipa la mchele, ndipo mahali pekee nyumbani kwangu ambapo mtandao unashika, nikakaa chini yake kama mtu anayengoja tunda lianguke. Mkwe wangu Muneesu alikuwa hospitali, nje ya wodi isiyoruhusu ndugu kuingia. Ndani ya wodi hiyo alilala binti yangu Kayal, ana mimba ya miezi saba, mwili mzima malengelenge, na pumzi zinamkatika. Alikuwa amekuja kwangu kujifungua, maana mimba ya kwanza binti huirudisha kwa mama yake. Baba yake alikuwa safarini kaskazini na lori la vitunguu. Mimi nikaachwa, kwa sababu nyumba ambayo Amma yumo haiachwi tupu. Lazima taa iwake na mtu awepo.

Tetekuwanga hapa Madurai, kusini mwa India, hatuiiti ugonjwa. Tunasema Amma amekuja, mungu wetu mwanamke ameamua kuingia kwako, nawe humfukuzi. Unatundika matawi ya mwarobaini mlangoni ili watu wajue wasipite. Unapika uji wa wimbi, unanunua madafu. Na hukaangi kitu, hata punje za haradali huzipasui kwenye mafuta, kwa kuwa Amma mwenyewe ni joto, na mafuta ya moto yanamchoma yeye pamoja na yule aliyemwingia. Hayo yote nilikuwa nimeyatimiza. Lakini saa za jioni Kayal alianza kupumua kwa mabega, na Muneesu akasema, "Mama, nisamehe, mimi namtoa," akambeba mpaka kwenye bajaji. Sikumzuia. Wala sikuwa na hakika kama nilipaswa kumzuia.

Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na sauti. Huko anakaa Irulayi na mtoto wake Pavunu. Ukuta wetu ni mmoja, mwembamba, mtu akigeuka kwenye mkeka unamsikia. Nilijua hajalala. Nilikaa namsikiliza asivyolala, na moyo wangu ulikuwa mbaya.

Irulayi ni mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alipoolewa mtaa huu alikuwa akikaanga bajia na mumewe mbele ya duka la fundi cherehani. Mume akafa kwa ini. Akakaa msiba siku kumi na sita kama inavyotakiwa, na aliporudi na karai lake kichwani akakuta muuza chai ameweka benchi palepale. Akamwambia, "Kaka, hapa ni pangu, kila mtu anajua." Yule bwana wala hakuacha kuchuja chai. "Dada, barabara haina hati," akasema. Watu waliokuwa wakila bajia zake miaka yote waliendelea kunywa chai, macho yao ndani ya glasi.

Baada ya hapo alibeba matofali kwenye majengo, Pavunu mgongoni, mpaka akapata kona ya stendi, kati ya nguzo ya umeme na mtaro. Kona mbaya, inanuka, lakini madereva wa bajaji huegesha hapo. Tangu alipoishika hakuiacha hata jioni moja. Mvua ikinyesha alijifunika nailoni yeye na jiko. Siku jino lilipomvimbisha shavu alikaanga amefunga kichwa kama maiti, na madereva wakamwita bibi harusi.

Mimi ninauza idli, vimkate laini vya mvuke, mlangoni kwangu asubuhi. Unga wa mchele na choroko unaobaki huchachuka mchana, idli zake zingekuwa kali, lakini kwa vitumbua ndio wenyewe. Kwa hiyo kila siku alasiri niligonga ukutani, naye alikuja na sufuria.

"Dada Pechi, leo umechachuka vizuri, kama roho yako."

"Chukua uondoke. Na sufuria yangu ya jana?"

"Inakusalimia."

Kisha alirudi kwake, na mimi nikiwa nimejilaza nilisikia haradali zikipasuka upande wa pili, halafu vitunguu, pilipili na majani ya bizari vikitumbukia kwenye mafuta, na yote yakimwagwa juu ya ule unga: tsaaa. Harufu ilipita ukutani. Niliijua saa kwa harufu hiyo. Jioni alikwenda kona, akapanga kikaango chake cha chuma chenye mashimo saba, akavigeuza vitumbua kwa sindano ya kushonea magunia, upesi hadi vidole huvioni.

"Mama, ongeza chatini!" dereva alimwambia.

"Wewe unakula chatini au unaioga? Mkeo hakuogeshi?"

Ndivyo alivyokuwa. Alitukana kila mtu na kila mtu alirudi.

Kayal alipofika kwangu mwezi wa nne, hakutaka chakula changu. Kila nilichopika kilimtapisha. Alichotaka ni vitumbua vya Irulayi tu. Kila jioni alikwenda kona, mkono kiunoni, akapewa kiti cha plastiki, kiti pekee alichokuwa nacho Irulayi.

"Sogeeni," Irulayi aliwaambia madereva. "Huyu anakula kwa ajili ya watu wawili na ninyi mmekaa kama mimba mmebeba ninyi."

Nilikuwa nawatazama kutoka mbali. Mimi ni mtu wa kutazama, mume wangu hunicheka, anasema nikilala jicho moja linabaki mlangoni. Ndiyo maana sijui ilikuwaje jambo lile likanipita.

Maana nililiona. Alasiri moja harufu haikuja. Haradali hazikupasuka. Kesho yake pia. Nilimuuliza alipokuja na sufuria.

"Gesi imekwisha?"

"Joto, dada. Hiki chumba kinaniua. Siku hizi nakaangia kila kitu huko huko kona."

Nikaona ni maneno ya kweli. Mwezi wa tano hapa hata mbwa hawabweki mchana. Niligundua pia kwamba Pavunu hachezi uchochoroni, nikasema moyoni kuwa amefunzwa adabu hatimaye.

Jioni moja ya siku hizo, Kayal akipita kwenda kona, alimsikia Pavunu akilia dirishani anataka maji. Mama yake yuko barabarani anakaanga. Kayal akaingia, akamnywesha, akakaa naye, akamsuka nywele. Aliporudi aliniambia, "Mama, Pavunu amejaa vipele vya joto, maskini, hadi kichwani."

"Mpake unga wa msandali," nikamwambia, nikaendelea kuchagua mchele.

Mlango ule ungekuwa na tawi moja tu la mwarobaini, binti yangu asingevuka kizingiti. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua maana ya tawi lile.

Zikapita kama wiki mbili. Pavunu akaonekana tena nje, mwembamba, ana madoa. Halafu Kayal akashikwa na homa, na asubuhi moja nikamkuta anajitazama tumboni, kwenye ngozi iliyovutika, lengelenge moja linang'aa kama tone la maji. Kufika jioni yalikuwa hayahesabiki. Nilikata mwarobaini, nikawa nautundika mlangoni, mikono juu, uzi mdomoni, na hapo hapo yote yakaja pamoja: harufu iliyokosekana, mtoto asiyecheza, vipele vya joto hadi kichwani.

Muneesu alikuwa amekwishafika. Nilimwachia mkewe, nikaenda kona hata viatu sikuvaa.

Madereva walikuwa wamemzunguka, sahani za majani mikononi. Irulayi aliniona, akacheka. "Dada Pechi! Leo kwako jua limechomoza magharibi. Mpeni nafasi."

"Amma alikuwa nyumbani kwako," nikasema.

Sindano ikasimama.

"Amma alikuwa kwako, na wewe ulikuwa hapa unakaanga. Sema sivyo."

"Dada, njoo huku pembeni."

"Hapa hapa! Hawa wamekula. Wasikie walichokula. Mtoto wako amelala na Amma mwilini, mlango hauna hata jani, na wewe unachemsha mafuta! Sasa ameingia kwa Kayal. Kwa Kayal, Irulayi! Na tumbo lile!"

Alishika kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilikuwa ndogo. "Kayal aliingia kwangu lini?"

"Mtoto wako alikuwa analia maji."

Alisema, tena kwa haraka kama anayejitetea mbele ya mtu mwingine kabisa, si mbele yangu, "Sikukaanga ndani, dada. Naapa. Chini ya paa langu haradali haikupasuka hata moja. Uji nilimpikia, madafu nilimnunulia. Barabara siyo nyumba. Barabarani Amma hana joto la kuchomwa."

"Na mwarobaini?"

"Ningeutundika ungeuona wewe. Ungenipa unga? Nani angekula hapa? Siku kumi na sita nilikaa ndani, dada, unajua nilichokikuta."

Nilijua. Niliendelea kupiga kelele hata hivyo. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka mzee mmoja dereva, ambaye hula hapo tangu kona ilipoanza, akiweka sahani yake chini polepole na kujifuta mdomo kwa kitambaa, kisha kujigusa mashavu mawili kwa vidole kuomba radhi kwa Amma. Mwingine akatema mtaroni. Wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana, angewajibu. Vitumbua vilibaki kwenye mashimo yao vikiungua, na yeye hakuvigeuza.

Kufika siku moja kabla ya ule usiku ninaousimulia, mtu wa tambi na kabichi za kukaanga alikuwa amesogeza mkokoteni wake kati ya nguzo na mtaro. Niliuona nilipokwenda kutafuta madafu. Taa yake ni ya rangi tatu, inazunguka.

Basi ndivyo nilivyokaa chini ya pipa la mchele. Nilimwomba Amma. Nilimwambia kama umeudhika, aliyekuudhi yuko upande wa pili wa ukuta huu, Kayal hakukukaangia kitu. Halafu nikaogopa, nikajirudi, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna Pavunu pia. Sikujua niombe vipi. Mama akiomba katika hali ile anageuka mshtaki, na huwezi kujua hukumu itamwangukia nani.

Simu ililia kunguru wameshaanza kelele. Niliivuta hadi ikaanguka, nikaiokota.

"Mama," Muneesu alisema, kisha akalia.

"Sema, mwanangu. Sema tu."

"Anapumua. Wamempa hewa ya mashine usiku kucha, sasa anapumua vizuri. Ameomba maji. Na daktari amepima moyo wa mtoto, Mama, nimesikia mwenyewe mlangoni, unakwenda kama farasi."

"Mtoto hana neno?"

"Wanasema kuugua mimba ikiwa ya miezi saba ni bora kuliko mitatu. Wanasema tutangoja azaliwe. Hawaahidi."

Hawaahidi. Nililibeba neno hilo nikainamisha kichwa sakafuni mbele ya taa, nikashukuru, nikalia, nikanawa uso. Halafu nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilitoka, nikavuta mlango wangu nyuma yangu, nikaenda mlango wa pili.

Sitasema nilikuwa nimemsamehe. Ningali namuona Kayal akipumua kwa mabega. Lakini usiku mzima mtu yule alikuwa ameusikiza ukuta uleule, na habari aliyokuwa akiingoja ndiyo hiyo niliyokuwa nayo mimi.

Mlango wa Irulayi ulikuwa umefungwa, na juu yake ulining'inia mwarobaini. Mbichi, mwingi, umefungwa kwa uzi mwekundu kutoka pembe hadi pembe, kama wa nyumba ambayo watu watatu wanaumwa kwa pamoja. Ulikuwa umekatwa usiku, maana jioni sikuuona. Nikagonga.

"Nani?" Sauti ya Pavunu.

"Mama mkubwa Pechi. Mwambie mama yako afungue."

Minong'ono. Kisha mtoto akasema, "Mama anasema hafungui. Anasema Amma yumo."

"Amma kwako alishatoka, mwanangu. Hukuogeshwa maji ya manjano na mwarobaini?"

"Nimeogeshwa." Akasita, akasikiliza anachoambiwa. "Mama anasema sasa ndiyo amekuja."

"Mama yako anaumwa? Ana vipele?"

"Hana."

Nilisimama pale, nikaelewa kwamba siku alizomnyima Amma ndizo anazozikaa sasa. Jirani wa mbele alikuwa anafagia kizingiti chake, akaacha kufagia. Nikausogeza uso wangu kwenye ubao, katikati ya majani, uchungu wake ukanipanda puani.

"Irulayi. Kayal anapumua. Ameomba maji. Moyo wa mtoto umesikika."

Nikasikia kitu kizito kikiushukia mlango kwa ndani, mgongo wa mtu unaoteleza kwenye ubao hadi chini, na pumzi ndefu iliyotoka kama iliyokuwa imezuiwa tangu jana. Nikangoja. Nilikuwa tayari kusema kitu kuhusu unga, kwamba nikianza tena kusaga nitagonga ukuta, lakini neno halikutoka, kwa kuwa sikuwa na uhakika kama ningegonga kweli.

"Irulayi, fungua basi nikuone."

Komeo halikusogea.